Matiti yamelala na unafikiria upasuaji? Anza na chuchu ilipo, habari ya kovu ifuate

SistaTheta (mtoa mada)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa dada zangu hasa, ingawa kina kaka wenye wake wanaowaza jambo hili wanakaribishwa. Ni mrefu, kaeni kitako.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi upande wa upasuaji rekebishi, na matiti ni sehemu kubwa ya kazi yetu. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba wanawake wengi wanakuja wakiwa wameshajichagulia upasuaji kabla titi halijapimwa. Mmoja anataka vipandikizi vya silikoni, ile mifuko laini inayowekwa ndani ya titi, kwa sababu shoga yake aliwekewa akapendeza. Mwingine anataka "ile ya kovu dogo la kuzunguka chuchu" na hataki kusikia habari nyingine. Daktari akimwambia haitamfaa, anaona kama ananyimwa, anaondoka kutafuta atakayemkubalia. Na wa kumkubalia hakosekani. Baadaye anarudi kurekebishiwa, na kurekebisha ni kugumu kuliko kufanya mara ya kwanza: ngozi imeshakatwa, damu haipiti kama zamani, na nyama ya kufanyia kazi imepungua.

Mambo matatu ndiyo yanayochagua upasuaji: chuchu iko wapi, ngozi imezidi kiasi gani, na nyama ya ndani inatosha, imepungua au imezidi. Picha za watu wengine hazimo. Urefu wa kovu nao haumo, huo ni matokeo ya hayo matatu.

JIPIME KWANZA

Simama mbele ya kioo bila sidiria, mabega yamelegea, mikono ubavuni. Tafuta mkunjo wa chini, pale titi linapokutana na kifua, panapotota jasho. Weka rula humo ndani ikae mlalo, kisha angalia kwa mbele chuchu iko usawa gani na ile rula.

Mwaka 1976 daktari wa Kanada, Paula Regnault, aliweka madaraja yanayotumika mpaka leo. Chuchu ikiwa usawa wa mkunjo, ni daraja la kwanza. Ikiwa imeshuka chini ya mkunjo lakini bado kuna nyama chini yake, ni la pili. Ikiwa ndiyo ncha ya chini kabisa ya titi na inatazama sakafu, ni la tatu. Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi: chuchu iko juu ya mkunjo vizuri tu, ila nyama iliyo chini yake imeshuka na sehemu ya juu ya titi imebaki tupu. Huo ni ulalaji wa bandia, na dawa yake ni tofauti kabisa.

KWA NINI YANALALA

Hapa nitafupisha. Titi halina msuli ndani yake. Linashikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba zinazopita katikati ya nyama, zinazoitwa kwa jina la Astley Cooper, daktari wa Uingereza aliyezieleza mwaka 1840. Zikishavutika hazirudi. Ndiyo maana mazoezi ya kifua yanajenga msuli ulio nyuma ya titi, titi lenyewe likabaki palepale. Krimu nazo haziwezi kuzifikia hizo nyuzi zikazikaza, hata ukipaka asubuhi na jioni.

Na jamani, msiwanyime watoto ziwa kwa hofu hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa wanawake waliofika kufanyiwa upasuaji wa matiti. Kunyonyesha hakukuonekana kuongeza ulalaji. Yaliyoonekana ni umri, idadi ya mimba, uzito, kuwa na matiti makubwa kabla ya mimba, na sigara.

KUINUA PEKE YAKE

Jiulize swali moja: ukivaa sidiria inayokukaa vizuri, unaridhika na ukubwa wako? Kama ndiyo, nyama unayo. Tatizo ni mahali ilipo. Wewe unahitaji kuinuliwa, huhitaji kuongezewa.

Daktari anaondoa ngozi iliyozidi, anaipanga na kuishona upya nyama ya ndani, na anaipandisha chuchu ikiwa bado imeshikamana na mishipa yake ya damu na ya fahamu. Wengi wanadhani chuchu inakatwa ikabandikwa. Hilo hutokea kwa nadra, kwenye matiti makubwa mno au yaliyoshuka kupita kiasi. Kwa wengine chuchu inasafiri na nyama yake.

Makovu ni ya namna tatu kuu. La kwanza linazunguka duara jeusi la chuchu tu, njia iliyopata umaarufu kupitia Louis Benelli wa Ufaransa mwaka 1990. Linafaa pale chuchu inapohitaji kupanda kidogo, sentimita moja au mbili. Ukililazimisha kwenye titi la daraja la tatu, ngozi yote iliyozidi inakusanywa na uzi mmoja kuzunguka chuchu: inakunjamana, duara linatanuka kadiri miezi inavyokwenda, na titi linakuwa bapa kwa mbele. Nimeyafunga bandeji matiti ya namna hiyo yakiwa yamekuja kurekebishwa. Inaumiza kuona, kwa sababu mwenyewe aliahidiwa kovu dogo na kovu dogo kweli alipewa.

La pili linazunguka duara kisha linashuka wima mpaka kwenye mkunjo. Hili linawafaa wengi wa daraja la pili, na linatoa titi lililochomoza vizuri. Wiki za mwanzo sehemu ya chini huwa na mikunjo na umbo linaonekana la ajabu, limepanda juu mno. Usilie. Linashuka na kutulia.

La tatu linaongeza mstari mlalo ndani ya mkunjo, likafanana na nanga. Ramani yake ya kukata ilitoka kwa Robert Wise mwaka 1956. Ndilo linaloogopwa kuliko yote, na ndilo ninalolitetea kila siku. Ule mstari mlalo umejificha chini ya titi, na wima unafifia. Mwanamke wa daraja la tatu aliyekubali nanga anapata titi lenye umbo. Aliyekataa anapata kovu fupi juu ya titi ambalo bado limelala.

VIPANDIKIZI PEKE YAKE

Kipandikizi kinajaza, hakiinui. Ukiwa na foronya kubwa na mto mdogo unaweza kutafuta mto mkubwa zaidi, na foronya itajaa kweli. Ila kama foronya imeshavutika mpaka chini, mto mkubwa utaivuta zaidi. Chuchu iliyo chini ya mkunjo haipandi kwa kuongezewa uzito nyuma yake. Kinachotokea mara nyingi ni kipandikizi kukaa juu kifuani huku titi la asili likiteleza mbele yake, ukawa na uvimbe juu na titi linaloning'inia chini.

Vinafanya kazi kwa wenye ulalaji wa bandia, au daraja la kwanza lenye ngozi imara, ambao shida yao ni kupungua nyama baada ya kuzaa. Hao hupata matokeo mazuri sana.

Lakini ukiviweka ujue umeingia mkataba wa muda mrefu. Vya silikoni vilianza kuwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962, na mpaka leo hakuna cha kudumu maisha yote. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2021 iliwaagiza watengenezaji waliandike hilo kwenye onyo la juu kabisa. Kwa maelezo ya FDA, mpaka asilimia 20 ya waliowekewa kwa ajili ya urembo wanaviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Vya silikoni vinaweza kupasuka kimya kimya, usihisi kitu, kwa hiyo inashauriwa kupigwa picha za ndani ya mwili, yaani MRI au ultrasound, miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3. Mwili nao hujenga utando kuzunguka kipandikizi, na kwa baadhi ya wanawake utando unakaza mpaka titi linakuwa gumu na kuuma.

Kuna pia limfoma, aina ya saratani, inayoota kwenye huo utando. Ni nadra, ila ipo, na imehusishwa hasa na vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vile vya BIOCELL kwa sababu hiyo. Dalili yake kubwa ni titi kujaa maji na kuvimba miaka kadhaa baada ya upasuaji. Ukiwekewa, dai kadi yenye jina, ukubwa na namba ya kipandikizi chako, uitunze pamoja na vyeti vyako.

VYOTE KWA PAMOJA

Aliyelala na kupungua kwa wakati mmoja huambiwa ainuliwe na kuwekewa kipandikizi. Inawezekana. Tatizo ni kwamba kazi mbili zinavutana: kuinua kunapunguza ngozi, kipandikizi kinaitanua ngozi hiyohiyo ikiwa na mshono mbichi. Hatari ya kidonda kufumuka, chuchu kukosa damu, na kurudi theta, yaani chumba cha upasuaji, ni kubwa kuliko ukifanya kimoja. Madaktari wengine hugawa: wanainua kwanza, kipandikizi baada ya miezi kadhaa. Kwa daraja la tatu lenye ngozi nyembamba mimi niko upande wao. Tena kuna wanaoinuliwa, wakajiona kwenye kioo na kipandikizi wasikitake tena, kwa sababu nyama iliyokuwa chini sasa iko mahali pake.

Nyuzi zile za kuchomekwa chini ya ngozi bila kukata sizisemi sana. Zinayeyuka, na ngozi iliyozidi bado ipo.

Karibuni kwa maswali.

Mama Pacha

Asante sana dada, umenifungua macho. Mimi nilikatwa tumbo ili kupunguza uzito na nimepungua kilo nyingi mno. Matiti yamebaki ngozi tu, yako daraja la tatu bila hata rula. Silikoni naiogopa. Nimesikia wanaweza kuchukua mafuta mapajani wakayaweka kwenye titi. Je, hayo mafuta yanainua?

SistaTheta

Mama Pacha, hongera kwa safari hiyo, si ndogo. Mafuta hayainui, yanajaza kama kipandikizi, tena kwa kiasi kidogo zaidi. Na sehemu yake hunyonywa na mwili ndani ya miezi ya mwanzo, kwa hiyo unachokiona wiki ya pili sicho utakachobaki nacho. Baadhi hurudia.

Kwa hali yako jambo la kumwuliza daktari ni kuinuliwa kwa kovu la nanga, huku ile nyama ya chini na ya ubavuni, ambayo ingekatwa na kutupwa, inakunjwa na kusukumwa chini ya chuchu ili kujaza juu. Ni nyama yako mwenyewe, ina damu yake, hainyonywi kama mafuta yaliyohamishwa. Wanaopungua sana huwa na ukunjo mnene wa ngozi chini ya kwapa unaofaa kwa kazi hiyo. Mafuta yaje baadaye kusawazisha palipobonyea.

Ila uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa kwanza. Pia pima damu. Waliokatwa tumbo mara nyingi wana upungufu wa chuma na protini, na kidonda cha mwili usio na protini kinafumuka kirahisi.

Mafuta yaliyokufa huacha vinundu, na vingine hugandamana chokaa. Kwenye mamogramu, ile eksirei ya matiti, vinaonekana. Kila utakapopigwa picha mwambie mpigapicha uliwekewa mafuta, asije akakushtua bure.

Baba Neema

Sista, mke wangu ameshikilia hili jambo mwaka wa pili sasa. Mimi naona yuko sawa kabisa na nimemwambia hivyo. Naogopa theta. Nimzuie?

SistaTheta

Shemeji, hofu yako naielewa na ni hofu ya upendo. Lakini anayevaa huo mwili ni yeye. Ukimwambia "uko sawa" anasikia kwamba unampenda, na bado kila asubuhi ni yeye anayeyakunja matiti kuyaingiza kwenye sidiria. Nenda naye kwa daktari, uliza unachokiogopa: nani anatoa nusu kaputi, kuna chumba cha uangalizi, likitokea la kutokea anapelekwa wapi. Majibu yakikuridhisha, hofu itapungua yenyewe.

Nikuambie pia upande wa pili. Wako wanaoletwa na waume, mke hana haja kabisa. Daktari makini huomba aongee na mwanamke peke yake, na akigundua hivyo haendelei.

binti wa Jumapili

Nina miaka 24, sijazaa. Yangu yamelala tangu yanaota, na moja limeshuka kuliko jingine. Naona aibu hata mbele ya dada zangu. Nisubiri mpaka nizae?

SistaTheta

Mdogo wangu, pole kwa kubeba hilo muda wote. Matiti kulala kabla ya kuzaa ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani, na kutofautiana kidogo ni hali ya karibu kila mwanamke. Yakitofautiana sana hilo lipimwe, kwa sababu wakati mwingine titi moja halikukua sawasawa tangu mwanzo, na mpango wa kila titi unakuwa wake.

Kama ndoa na mtoto ni mambo ya mwaka huu au ujao, subiri. Mimba inavimbisha titi, kisha linashuka, na kazi nzuri inaweza kuharibika. Ukimaliza kunyonyesha ngoja angalau miezi mitatu hadi sita titi litulie ndipo lipimwe. Kama mtoto ni habari ya mbali na hili jambo linakunyima raha, hakuna sheria inayosema uteseke mpaka uzae. Mwambie daktari wazi kwamba unataka kunyonyesha, ili achague njia inayoiacha chuchu imeungana na mirija ya maziwa. Wengi hunyonyesha baada ya kuinuliwa, lakini hakuna daktari mkweli atakayekuhakikishia kwamba maziwa yatatosha. Hisia za chuchu nazo zinaweza kupungua, kwa wengine kwa muda, kwa wachache moja kwa moja.

Zuhura M

Mimi nina keloidi. Nilitoboa sikio tu likavimba likawa kama gololi. Nimekata tamaa au kuna namna?

SistaTheta

Zuhura, usikate tamaa, ila hili ndilo la kwanza kulisema ukikaa kwenye kiti cha daktari, na umwonyeshe sikio. Ngozi nyeusi ina hatari zaidi. Sehemu zinazopenda keloidi ni masikio, mabega na katikati ya kifua. Kwenye kovu la nanga pa kuangalia ni ncha ya ndani ya ule mstari mlalo, inayoelekea katikati ya kifua. Daktari anayejua huizuia isifike huko.

Baada ya kushonwa kuna vibandiko vya silikoni vya kuweka juu ya kovu lililofunga, na sindano za steroidi likianza kunyanyuka. Usichanganye keloidi na kovu changa. Kovu la kawaida hunyanyuka, huwa jekundu au jeusi zaidi na kuwasha kwa miezi, na huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kutulia. Kuna wenye keloidi kali sehemu nyingi za mwili ambao daktari atawashauri wasifanye, na huyo daktari anawatakia mema.

Mwanaidi

Yangu ni makubwa, yamelala, na mgongo hauniachi. Chini kunachubuka kila joto likizidi. Niinuliwe?

SistaTheta

Wewe dada unahitaji kupunguzwa. Upasuaji wa kupunguza unainua ndani yake, makovu ni yaleyale. Ukiinuliwa tu bila kupunguzwa, uzito uleule utayashusha tena. Mwonyeshe daktari mifereji ya kamba za sidiria mabegani na hiyo michubuko. Hayo ni matibabu, wala siyo urembo peke yake.

Mama Pacha

Sista, swali la mwisho. Siku yenyewe inakuwaje, na baada ya hapo nitabeba wanangu lini?

SistaTheta

Kabla ya hiyo siku kuna mawili. Sigara, shisha, ugoro, chochote chenye nikotini kiachwe wiki nne hadi sita kabla na baada. Nikotini inabana mishipa midogo, na chuchu iliyohamishwa inaishi kwa mishipa hiyohiyo. Nimeona chuchu ikigeuka nyeusi na kufa kwa mtu aliyetuambia ameacha naye hajaacha. Na kama umri wako unadai mamogramu, ipigwe kabla ya upasuaji. Taja pia kila dawa unayomeza, hasa za kuyeyusha damu.

Asubuhi ya upasuaji daktari anakuchora ukiwa umesimama. Hapo ndipo ninapopima daktari. Aliye makini anakaa kwenye kigoda, macho yake usawa wa kifua chako. Anachora mstari kutoka shimo la koo kwenda chini, kisha anaingiza vidole kwenye mkunjo na kuusukuma mbele taratibu mpaka auone usawa wake juu ya ngozi ya titi. Hapo anaweka alama ya chuchu mpya. Anapima upande wa pili, anarudi nyuma, anaangalia, anafuta, anachora tena. Ukilala kitandani kila kitu kinahama, kwa hiyo kile kinachochorwa ukiwa umesimama ndicho kinachofuatwa. Daktari anayetaka kukuchora umelala muulize kwa nini.

Kuinua peke yake huchukua kama saa mbili hadi tatu. Utaamka na bandeji na sidiria ya kubana isiyo na waya, pengine na mirija ya kutoa majimaji. Lala chali, kichwa kimeinuka. Kazi ya kukaa ofisini wengi hurudi baada ya wiki moja au mbili. Kubeba kitu kizito, watoto wakiwemo, ngoja wiki nne hadi sita. Pacha wako wapande kitandani wenyewe wakukumbatie umekaa. Umbo la kweli utalianza kuliona kwenye mwezi wa tatu, na linaendelea kutulia mpaka wa sita na zaidi.

Titi moja likivimba ghafla na kuuma kuliko jingine, chuchu ikabadilika rangi kuwa ya zambarau au nyeusi, ukapata homa, au mguu mmoja ukavimba na pumzi kukatika, usisubiri kukuche. Piga simu usiku huohuo au nenda dharura.